Kungoja Homa ya Pili

Ikiwa jina la ugonjwa huu wa kupe, unaoshika ubongo, umelisikia wiki hii kwa mara ya kwanza, na umeshakaa na simu yako ukisoma mpaka macho yamekuuma, basi iweke simu kando kidogo. Mimi nilisoma pia. Kila nilichokisoma kilinitia hofu mpya, na hakuna kilichoniambia jambo moja nililotaka kujua: mimi nitafika wapi. Nitaumwa na kichwa nipone? Nitapotewa na akili? Nitabaki na mikono iliyolegea kama kitambaa? Simu haijui. Daktari naye hajui, ila yeye anajua wapi pa kutazama. Nakuandikia kwa kuwa mimi nimeshapita, na kwa kuwa kuna jambo ambalo watu wetu hulifanya kwa mapenzi matupu, nalo liliniumiza kuliko sindano ya mgongoni.

Naitwa Zuwena. Nakaa Azaiba, hapa Muscat, Oman, na duka langu la mabaibui liko hapo hapo barabarani. Kazi hii imenifundisha kumpima mtu kwa jicho. Mwanamke akisukuma mlango wa duka najua urefu wa mkono wake, najua kama amekuja kununua au kupoteza wakati, na mara nyingi najua kama nyumbani kwake kumetokea neno. Nassor, mume wangu, husema wangeniweka uwanja wa ndege nikague wasafiri. Nakitaja kipaji hiki mapema kwa sababu kule hospitali ndicho kilichonipoteza.

Kila mwaka joto la Muscat linapofika mahali usukani wa gari haushikiki, mwenye uwezo hukimbia. Sisi mwaka huo tulikimbilia Austria, Namsa kama tunavyoiita. Tulikuwa mimi, Nassor, binti yetu Salha aliyekuwa anaingia sekondari ya juu, na Mama yangu, ambaye ameshapita miaka sabini na bado akisimama jikoni hakuna anayethubutu kugusa kijiko. Tulipanga nyumba ya mbao shambani, mlimani, mahali ambapo hata mchana unavaa sweta. Mama alikuwa anachukua sweta la Nassor bila kuomba.

Sasa kuna jambo la Mama na chakula. Nyama ambayo haikuchinjwa na Mwislamu hali, hilo linajulikana. Lakini yeye haliamini hata sufuria la mkahawa, wala mafuta yake, wala kisu. Siku ya kwanza alikaa mezani mkahawani akanywa maji tu, akatutazama sisi tukila samaki mpaka samaki wenyewe wakatushinda. Basi tukawa tunakula vya shambani: mayai, mkate, asali, siagi, na maziwa ya mbuzi. Mwenye shamba, bibi mmoja mwenye mashavu mekundu, alituletea ndoo ndogo kila asubuhi, maziwa yana mapovu na joto la chuchu bado halijatoka.

Nyumbani Azaiba Mama huyachemsha maziwa mpaka yapande mara mbili. Kule alisimama akamwona mbuzi akikamuliwa, akaona majani safi, ndoo inang'aa, akatia kikombe.

"Haya ukiyachemsha unaiua dawa yake," alisema. "Marehemu bibi yako mzaa baba, kule Sharqiya, akiyanywa hivi hivi, na amekufa na meno yake yote."

Tukanywa. Mimi, Mama na Salha, kila siku, tukijisifu kwamba katika nchi ya watu tumepata riziki ya halali isiyo na shaka. Nassor peke yake hakunywa, maana tumbo lake na maziwa hawasalimiani. Hakuna kati yetu aliyeumwa na kupe. Hatukumwona kupe hata mmoja. Kupe alimuuma mbuzi, na mbuzi akatupatia sisi ugonjwa kwenye kikombe. Hilo nimelijua baadaye, na nakwambia mapema ili usije ukafikiri kwamba asiyekanyaga nyasi amesalimika.

Kabla hatujarudi, mimi na Salha tulipata homa. Mwili unauma, mifupa inauma, macho mazito. Tukasema ni baridi ya mlima. Mama ndiye aliyetuuguza, akatukanda miguu kwa mafuta ya nazi aliyokuja nayo kutoka Muscat, na yeye mwenyewe hata chafya. Tulimtania kwamba anatukimbiza sisi vijana. Homa ikatoka, tukapanda ndege, tukarudi kwenye joto letu tukiwa wazima.

Siku zilizofuata zilikuwa nzuri. Nilifungua duka, nikala vizuri, nikalala vizuri, nikagombana na fundi wangu wa cherehani kuhusu nakshi za mikono. Siku hizo nzuri ndizo ninazoziogopa mpaka leo. Ugonjwa huu una tabia hiyo: unakuja, unaondoka, unakuacha ucheke, kisha kwa baadhi ya watu unarudi na kupanda kichwani. Ukiwa katikati huwezi kujua kama umepona au unangojewa.

Wangu ulirudi nikiwa dukani. Nilikuwa nakata kitambaa cha mkono wa baibui, mlango ukafunguliwa, na mwanga wa nje ukanipiga machoni mpaka nikaona mkasi umekuwa miwili. Mkono wa kushoto ulikuwa unatetemeka. Niliutazama kama mkono wa mtu mwingine. Mteja akaniuliza kama nina kisukari, na kabla sijamjibu nikatapika juu ya kitambaa cheusi cha watu. Nassor alinikuta nimekaa sakafuni, nimejifunika uso kwa mtandio, kichwa kinataka kupasuka.

Hospitalini, kwenye ukumbi wa kungojea, nilikaa upande wa wanawake na shela usoni kwa sababu ya taa. Kiyoyozi kilikuwa kinanipulizia shingoni, na shingo ilikuwa haigeuki. Ndivyo nilivyojua kwamba hili si kichwa cha kawaida: mtu aliita jina langu, nikataka kugeuka, ikabidi nigeuke mwili mzima. Waliniuliza kama nimetoka Unguja karibuni, wakanipima malaria. Wakanipiga picha ya kichwa. Kisha wakanilaza ubavu, nikakunja magoti kifuani, wakatoa maji ya uti wa mgongo. Niliogopa sana sindano hiyo, na nataka ujue kwamba haiumi kama inavyoogofya. Muuguzi alinishika magoti akanihesabia pumzi kwa Kiarabu kibovu chenye huruma, na mpaka leo nikimkumbuka namwombea.

Daktari aliyenishika aliitwa Daktari Raya. Mama yake ni mtu wa Unguja kama Mama yangu, kwa hiyo tulisema naye Kiswahili, naye akakichanganya na Kiarabu kila alipofika kwenye mambo ya mwili. Alipojua tumetoka Austria aliwaamuru wauguzi wanitafute kupe mwili mzima. Walinifungua nywele, wakaangalia nyuma ya masikio, kwapani, katikati ya vidole vya miguu. Hawakukuta kitu. Akavuta kiti, akakaa, akamuuliza Nassor:

"Mlikula nini kule?"

Nassor akaanza kutaja mayai, mkate, asali. Alipofika kwenye maziwa, daktari akainua uso.

"Mliyachemsha?"

"Hapana. Wenyewe wakiyanywa hivyo hivyo."

"Nani alikunywa?"

"Wote. Ila mimi."

Daktari akaandika, akasema damu itapelekwa nje kupimwa, lakini yeye ameshaanza kuamini. Nikamuuliza kwa ulimi mzito dawa yake ni ipi. Akasema ugonjwa huu hauna dawa ya kuuua. Watanipa maji, watashusha homa, watatuliza kichwa, watanitazama.

"Kuna anayeishia kwenye kichwa na shingo, akarudi nyumbani," alinieleza. "Kuna anayechanganyikiwa, anasema yasiyokuwapo. Na kuna ambaye unamshuka mabegani na mikononi, mikono ikalegea."

"Na mimi ntafika wapi?"

"Wallahi sijui, Zuwena. Nnatazama. Wewe hujafika hamsini, hilo linakusaidia. Homa yako imekuja mara mbili na katikati ukapumzika, na wengi wa namna yako huwa afadhali. Si wote. Anayenitia mimi wasiwasi zaidi ni yule ambaye homa ya kwanza hakuipata kabisa, akaanguka kwa mara moja. Na hasa akiwa mtu mzima."

Niliposikia hivyo nilishukuru kimoyomoyo kwamba mimi nilikuwa na homa ya kwanza. Nassor alikuwa amesimama karibu na mlango. Akatoa simu yake, akatoka nje. Nilifikiri kuna mtu amempigia.

Tangu siku hiyo maisha yangu yakawa ni kupimwa. Kila asubuhi Daktari Raya aliingia, akanishika mikono, akasema, "Nisukume." Nikamsukuma. "Sasa inua mikono juu, kama unavua baibui." Nikainua. Halafu akaniuliza niko wapi, mwezi gani, binti yangu jina lake nani. Akitoka tu nilianza kujipima mwenyewe. Nilivua baibui lisilokuwapo mpaka mabega yakachoka, na yalipochoka nikasema ndiyo hiyo, mikono imeanza kulegea. Nilijisomea Alhamdu kwa sauti kusikiliza kama ulimi unateleza. Kila nilipofumba macho niliogopa kwamba nikiyafumbua nitasahau jina la Salha. Sijawahi kuogopa hivyo, na sijui kama kuna neno la kueleza hofu ya kungoja sehemu ya mwili wako ikuage.

Na Salha naye alikuwa kwenye zile siku nzuri. Alikunywa maziwa yale yale, akapata homa ile ile ya kwanza, sasa alikuwa mzima anakuja kunitazama na sare ya shule. Nilimtaka ageuze shingo. Nilimtaka ainue mikono. Alikuwa anafanya kwa kunifurahisha, kisha siku moja akasema, "Mama, ukiniangalia hivyo mimi ndo naumwa." Nikaacha kumwambia, lakini sikuacha kumwangalia.

Kwetu mgonjwa halali peke yake. Siku za mwanzo wageni walikuja na halwa na chupa za kahawa, wakalalamikia maegesho ya magari, wakapeana habari za harusi ya nani imevunjika, wakanisahau kitandani. Nilifurahi kusahauliwa, maana mgonjwa anayesahauliwa hana hatari. Halafu mambo yakageuka. Halwa ikakoma. Yakaanza kuja maji ya zamzam, asali ya mkunazi, mafuta yaliyosomewa. Watu wakawa wanakaa kwenye ncha ya kiti. Wanaingia kwangu macho yameshalia tayari, wananishika mkono, wanatoka haraka.

Kisha akaja Asila, binti ammi yangu. Mimi na Asila hatukuwa tunasemeshana tangu aliponirudishia baibui la harusi akidai nimempunja kitambaa. Aliingia, akanibusu kichwani, akasema, "Zuwena, nisamehe. Hatuijui kesho." Nikamwambia nimemsamehe. Alipotoka nikalia, kwa sababu namjua Asila, huyu haombi radhi ila penye msiba.

Na Mama haji. Nilipouliza, Nassor alisema ana mafua, daktari amekataza asije akaniambukiza. Nilipotaka kusema naye, nikaambiwa simu yake imeingia maji. Kila mchana Nassor aliniletea supu ya kuku akisema imepikwa na Mama. Niliionja. Mama huikamulia ndimu mwisho kabisa, sufuria likishateremshwa. Supu hii ndimu yake ilikuwa imechemka pamoja na kuku, inaacha uchungu ulimini.

"Hii hakupika Mama," nilimwambia.

"Kapika yeye," Nassor alijibu, akawa anatafuta kijiko kilichokuwa mkononi mwake.

Hapo nikapima kama ninavyopima dukani, nikakata. Mama hajaambiwa hali yangu, nilijisemea. Wanamficha kwa sababu moyo wake hautahimili. Na mimi ninafichwa, kama tulivyomficha marehemu Baba saratani yake mpaka akaondoka akituuliza kwa nini vidonge vya tumbo havimfai. Kaka yangu mkubwa, Khalfan, mwenye gereji mtaa wa Ghala, ndiye anayesema na madaktari wa ukoo mzima. Niliwaona na Daktari Raya kwenye ukumbi, mlango wangu ukiwa nusu wazi. Khalfan, mwanamume ambaye anainua injini ya gari, alikuwa anajifuta uso kwa kofia yake.

Wiki hiyo alifika Mama Mdogo, Bi Zuhura, mdogo wake Mama, kutoka Unguja. Mama Mdogo anaogopa ndege. Tangu alipokwenda hija hajapanda tena, hata kwenye harusi yangu hakuja. Aliingia chumbani kwangu akishikwa mkono na Khalfan, akanikumbatia, akanililia begani. Mtu haogopi ndege maisha yake yote kisha akaipanda kuja kumwona anayepona. Mchana ule nilimwita Salha nikamwambia mkufu wangu wa dhahabu uko wapi na amwachie nani duka. Alinitazama, akakimbia nje.

Asubuhi yake Daktari Raya alipoingia, Khalfan alikuwa amekaa pembeni. Nilisukuma, nikainua mikono, nikataja mwezi. Halafu nikamshika mkono wa koti lake.

"Daktari, leo usinifiche. Mgonjwa ni mimi. Nambie ntafika wapi."

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa njia ya nyumbani kwake. "Wewe umeshafika," alisema. "Homa imeshuka, shingo imelegea, mikono unainua. Huo mkono wa kushoto utatetemeka kwa muda, na uchovu utakuudhi miezi. Lakini ulipofika ndipo hapa. Wiki hii nnakutoa."

"Sasa mbona wananililia?"

Daktari akamgeukia kaka yangu. "Kaka Khalfan, mimi nilikubali kungoja mpaka apate nguvu. Kashapata. Mwambie sasa. Mimi nipo hapo nje."

Khalfan akasogeza kiti, akakaa, akasimama tena.

"Mama yuko juu," alisema.

"Juu wapi?"

"Hapa hapa, ghorofa ya juu yako. Yuko kwenye mashine ya kupumulia."

Sitakudanganya. Pumzi ya kwanza niliyovuta ilikuwa ya nafuu, kwamba kile kilio hakikuwa changu. Ya pili haikuingia.

Alinieleza huku akiitazama sakafu. Ile siku Nassor alipotoka na simu yake, alikuwa anapiga nyumbani. Salha akamjibu kwamba bibi amelala tangu asubuhi na haamki vizuri. Walimleta akiwa na fahamu zake, analalamika kichwa na bega. Siku mbili alikuwa anasema na watu. Kisha mkono wa kulia ukashindwa kuinuka, akaanza kuwaita watu waliokwisha kufa, na pumzi zikawa fupi. Wale wageni wote walikuwa wakipanda kwake kwanza, halafu ndio wanateremka kwangu na machozi yao. Mama Mdogo alipanda ndege kwa ajili ya dada yake.

Mama hakupata homa ya kwanza. Sisi tulimtania kule mlimani kwamba yeye ndiye mzima kuliko wote, na kumbe dalili yenyewe ilikuwa ndiyo hiyo. Maziwa yalikuwa yale yale, ndoo moja, meza moja. Nassor hakunywa, akawa salama. Salha homa moja ikamtosha. Mimi nikaingia na kutoka. Mama ndiye ukamshuka mpaka mabegani.

Walinipandisha kwa kiti cha magurudumu. Nilikuwa nimeogopa kumkuta kichwa wazi, Mama ambaye hata mbele ya wakwe zake hajawahi kuonekana nywele. Lakini muuguzi mmoja wa Kihindi alikuwa amemwona Mama Mdogo akimfunga kanga kichwani, naye kila alipomgeuza akamfunga tena vile vile, na fundo lake ubavuni. Mashine ilikuwa inampandisha na kumshusha kifua. Mikono yake ilikuwa imelala juu ya shuka, vitanga juu. Nilimwita. Hakujibu.

Nilitoka hospitali na kurudi hospitali. Nyumbani nilikuwa nakwenda kuoga na kulala tu, na usingizi wenyewe ulikuwa unaniangusha popote, hata mezani. Nilimwachia duka msichana wangu wa kazi. Kila nilipomuuliza Daktari Raya kuhusu Mama, alinijibu kwa maneno yale yale aliyonijibu mimi, isipokuwa sasa nilijua maana yake: umri, homa ya mara moja, mikono. "Anaweza kurudi," alisema. "Kurudi mzima kabisa, hapo siwezi kukwambia. Tunangoja." Nilikaa kwenye viti vile vya plastiki nje ya chumba cha mahututi pamoja na familia nyingine, tukipeana tende na kuulizana nani kafumbua jicho. Hofu ya kujiogopea mwenyewe ina mapumziko, unachoka, unalala. Hofu ya kumwogopea mama haikuniachia hata nilipolala.

Nyumbani nako hakukuwa shwari. Nilikuwa simsemeshi Khalfan. Nilimwambia mara moja tu kwamba kaniibia siku ambazo Mama alikuwa na fahamu, siku ambazo ningeweza kupandishwa kwa kiti nikamshika. Akasema, "Ungekufa, Zuwena. Nilikuwa na wawili. Nikaogopa nitawakosa nyote." Nassor naye alianza kuuchukia uzima wake, akawa hali vizuri, mpaka Salha akamwambia akiugua na yeye nani atatupeleka hospitali.

Joto likaanza kuvunjika. Watu wa Azaiba wakaanza kutembea pwani jioni bila kuloa jasho, majirani wakafungua madirisha. Siku hizo ndipo Mama alipofumbua macho. Mwanzo macho tu, yanamfuata anayepita. Kisha wakamtoboa shingo, wakamwondolea mpira wa mdomoni, akawa anapumua saa moja peke yake, mchana mmoja, siku nzima. Mkono wa kushoto ukaanza kukunja vidole, kisha kiwiko. Wa kulia ulikaa vile vile.

Siku waliyomwekea kifuniko kidogo kwenye shimo la shingo ili apate sauti, tulikuwa mimi na Khalfan. Daktari akamwambia jaribu, sema neno lolote. Mama akanitazama mimi. Sauti ilitoka nyembamba.

"Duka leo umelifunga?"

Sikufahamu. Nikamwambia duka liko wazi, yuko msichana.

"Kwa hiyo leo umepata nafasi," alisema. Akapumzika, akavuta pumzi. "Waliniambia una kazi. Msimu wa harusi. Nilikuwa nautazama mlango. Nikasema, Zuwena na mabaibui yake. Nikalala na hasira zangu."

Nilimtazama Khalfan. Alikuwa ameshika chuma cha kitanda. Kumbe hata Mama huko juu alidanganywa. Siku zile mbili za fahamu zake, mimi nikiwa chini najipima mikono, Mama alikuwa juu yangu akidhani nimeshindwa kuacha kukata vitambaa nije nimwone.

"Mama, nilikuwa hapa," nilimwambia. "Nililazwa chini yako, ghorofa moja. Na mimi nilipatwa. Hawakukwambia, na mimi hawakuniambia."

Machozi yakamtoka yakateremkia masikioni. Alitaka kuyafuta, nikaona bega lake la kulia linajaribu, na mkono haukuja. Nikamfuta mimi, na mkono wangu wa kushoto ulitetemeka usoni pake. Akaushika kwa vile vidole vyake vya upande mzima, akautazama unavyotetemeka.

"Na mimi nilikulaumu," alisema.

Khalfan akatoka. Nilimkuta ukumbini amejiinamia, na siku hiyo ndiyo niliyomsemesha. Hata hivyo, kabla hatujamaliza, akaniomba jambo: daktari amesema huenda mkono wa kulia usirudi, basi Mama asiambiwe, aambiwe inshaallah mazoezi yataurudisha. Alisema kwa upole, na najua alisema kwa mapenzi. Nilimwambia, "Kaka, hapo hapana." Nikarudi ndani.

"Mama, daktari anasema mkono wa kulia huenda usirudi."

"Huenda, au haurudi?"

"Huenda. Mwenyewe hajui. Anautazama."

Akafumba macho. Niliogopa kwamba nimemvunja, na nilikaa pale nikihesabu pumzi zake, nikijuta, nikijitetea. Alipoyafumbua aliuliza kama Salha anakula vizuri.

Sasa Mama yuko nyumbani, na Muscat imepoa mpaka amelidai tena sweta la Nassor. Maziwa anasimamia yachemshwe mara tatu, amekaa kwenye kiti chake mlangoni mwa jikoni, anamwamuru kila mtu. Mimi bado nachoka kabla ya adhuhuri, na mikono ya baibui ananikatia fundi. Salha akisema kichwa kinamuuma humtazama shingo, ingawa daktari ameshatuambia muda wake wa kuogopewa umepita. Sijui hofu hii itaniachia lini. Ukienda nchi hizo kwenye majira yao ya joto, kuna chanjo, ulizia. Maziwa yachemshe. Na ukilazwa, mwulize daktari anatazama nini kwako, kisha uwaulize na watu wako wanalia nini.

Kila asubuhi, baada ya chai, Mama ananiita nimpime. Nasimama mbele yake kama alivyokuwa akisimama Daktari Raya. "Inua mikono, Mama, kama unavua baibui." Wa kushoto unapanda mpaka juu. Wa kulia unabaki mapajani, vidole vinacheza kidogo. Ananitazama usoni kuliko anavyoutazama mkono, maana na yeye anajua kupima watu kwa jicho, mimi nimerithi kwake.

"Umefika wapi?" ananiuliza.

"Vidole tu, Mama. Kama jana."

"Haya," anasema. "Kesho nipime tena. Na kama ni vile vile, nambie ni vile vile."